Achilia, sawa, ila uachie nini hasa?

Mtu akisema maisha yamemkaba kila mtu ana jibu la haraka, achilia, usijipe presha, mwachie Mungu, kitakachokuja kitakuja. Ni maneno ya nia njema na wengi yamewasaidia. Lakini yule ambaye halali usiku anawaza kazi, mtoto, majibu ya vipimo na deni kwa wakati mmoja, ukimwambia achilia unamuongezea swali lingine tu juu ya yale aliyonayo, naachiaje, naachia nini, na nikiachia nani atashika? Hapo ndo mada inapochanganya watu, maana ndani ya hiyo hali ya kutaka kila kitu kiende unavyotaka kuna mambo kadhaa yameshikana, na baadhi yake hayatakiwi kuachiwa hata kidogo.

Nianze na hili ambalo huwa linarukwa: kutaka kuwa na usemi kwenye maisha yako sio ugonjwa na wala sio kiburi. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao kwenye nyumba moja ya kulea wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maamuzi ya maisha yao ya kila siku ni yao wenyewe, wapange chumba watakavyo, wachague siku ya kuangalia filamu, na kila mmoja akapewa nafasi ya kuchagua mche wake wa kuutunza mwenyewe. Ghorofa nyingine wakaambiwa wafanyakazi watawahudumia vizuri kwa kila kitu, na mche wakapewa pia ila manesi ndo wakawa wanaumwagilia. Baada ya wiki tatu wale waliopewa maamuzi walikuwa wachangamfu zaidi na wanajiskia vizuri zaidi, na miezi 18 baadaye walipofuatiliwa tena walikuwa wamefariki 7 kati ya 47, wakati upande wa pili walifariki 13 kati ya 44. Makundi yalikuwa madogo kwahiyo zile namba za vifo mtu asizibebe kama sheria ya maumbile, ila picha ya jumla imeonekana na kwengine, binadamu akinyang'anywa maamuzi yote ananyauka.

Watafiti David Glass na Jerome Singer nao waliwasikilizisha watu kelele kubwa za ghafla ghafla wakiwa wanafanya kazi, baadhi wakapewa kitufe wakaambiwa ukizidiwa bonyeza zitakoma, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza kabisa, yani kelele walizisikia zilezile. Lakini baadaye walipopewa mafumbo magumu walivumilia muda mrefu kuliko wenzao wasio na kitufe, na makosa ya maandishi waliyaona vizuri zaidi. Kujua tu kwamba nikizidiwa nina pa kushika kulitosha. Ndo maana mi nasema kumwambia mtu ambaye kazini hana sauti, nyumbani hana sauti, na hela inapangwa na mtu mwingine, eti tatizo lako unapenda kudhibiti, ni ukatili. Huyo anahitaji kitufe, hotuba ya kuachia haimhusu.

Sasa shida inaanzia wapi? Inaanzia pale mtu anapohama kutoka kutaka nafasi ya kuchagua kwenda kutaka uhakika wa matokeo. Hivi vitu viwili ukivitazama haraka vinafanana sana, ila cha kwanza kinapatikana na cha pili hakipo duniani, kwa hiyo anayekitafuta hawezi kupumzika hata siku moja. Na akili inatusaidia kujidanganya. Huyohuyo Langer mwaka 1975 alionesha kwamba watu wa bahati nasibu waliochagua tiketi yao wenyewe, tiketi ya dola 1, walipoombwa waiuze walitaka kwa wastani dola 8.67, wakati waliopewa tu bila kuchagua walitaka dola 1.96. Nafasi ya kushinda ni ileile kwa wote, ila mkono wangu ukigusa kitu nahisi nina nguvu juu yake. Mwaka 1967 mtafiti mwingine, James Henslin, aliandika kuhusu wacheza dadu ambao wakitaka namba ndogo wanarusha polepole na wakitaka kubwa wanarusha kwa nguvu. Mambo mengi tunayoita kuwa makini na maisha yana sehemu ya hii ndani yake, kurudia kuangalia, kuuliza mara ya tano, kuwaza kila njia ambayo jambo linaweza kuharibika, tunarusha dadu kwa nguvu.

Kinachotutesa zaidi ukichunguza vizuri hata sio ubaya wa jambo lenyewe, ni kutojua. Watafiti wa University College London walifanya jaribio lililochapishwa 2016, watu 45 wakacheza mchezo wa kompyuta wa kukisia chini ya jiwe gani kuna nyoka, na kila nyoka akitokea unapigwa shoti ya umeme mkononi yenye maumivu kidogo. Wakawa wanapima jasho na mboni za macho. Stresi ilifika juu kabisa pale uwezekano ulipokuwa asilimia 50, nusu kwa nusu, na ilikuwa chini zaidi kwa mtu aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Yani mwili uliona afadhali kujua nitaumia kuliko labda nitaumia labda sitaumia. Wanaosubiri majibu ya hospitali wanalielewa hili bila kusoma utafiti wowote, na wengi wamewahi kusikika wakisema bora waniambie tu hata kama ni mabaya.

Huko Kanada, miaka ya 1990, Michel Dugas na wenzake wa Quebec waliokuwa wanatibu watu wenye wasiwasi uliopitiliza waliona jambo hilohilo kwa upande mwingine, kwamba kinachowatofautisha hawa watu na wengine sio kwamba wana matatizo mengi zaidi, ni kwamba hawawezi kuvumilia kutokuwa na uhakika, hata uwezekano mdogo sana wa jambo baya unawauma kama jambo lenyewe limeshatokea. Mi naona hapa ndo penye kiini cha mada nzima. Mtu anasema nataka kuyaweka maisha yangu sawa, ila ukimsikiliza kwa muda unakuta anachotaka ni hiyo hisia ya kutojua iishe, sasa hivi, leo.

Na hiyo hisia ina namna ya kuisha kwa dakika kumi, ndo mtego ulipo. Chukua meseji uliyomtumia mtu unayempenda, ameisoma, hajajibu. Tumbo linakaza. Unafungua simu unaangalia tena, unaangalia kama yuko hewani, unasoma ulichoandika mara ya nne kutafuta neno lililomuudhi, mwisho unapiga. Anapokea, alikuwa anaoga. Ahueni inakuja palepale, mwili wote unalegea, na akili inaandika kumbukumbu: tulipona kwa sababu tulifuatilia. Haiandiki kwamba hata usingefuatilia angejibu akitoka bafuni. Kesho meseji ikichelewa dakika tano badala ya ishirini tumbo linakaza tena, kwa sababu akili imefundishwa kwamba dawa ni kufuatilia na kwamba bila hiyo dawa kuna hatari. Ndo maana watu wanaodhibiti sana hawatulii kadiri wanavyodhibiti, wanazidi kuwa na hofu, na wakiwa na hofu wanadhibiti zaidi. Mtu wa nje anaona king'ang'anizi, mwenyewe ndani anahisi anazuia nyumba isiungue.

Kuwaza sana nako ni hivyohivyo. Kunaonekana kama kazi, umelala kitandani umechoka lakini unahisi kuna kitu unakifanya, nikiwaza yote sitashtukizwa. Mwaka 2020 Lucas LaFreniere na Michelle Newman wa chuo kikuu cha Pennsylvania State walichapisha matokeo ya watu 29 wenye ugonjwa wa wasiwasi walioandika kila wasiwasi wao kwa siku kumi, kisha wakafuatilia kama yametokea kweli. Asilimia 91.4 hayakutokea. Na yaliyobaki, yale machache yaliyotokea kweli, yalitokea pamoja na kuwazwa kote kule, kuwaza hakukuyazuia. Ila mtu mwenye wasiwasi akiambiwa hivi anaweza kukujibu unaona, hayakutokea kwa sababu niliwaza, na hapo unaelewa ile kumbukumbu ya akili niliyosema hapo juu ina nguvu kiasi gani.

Kuna wanaojaribu kutoka kwa kujilazimisha wasiwaze, na hii ni kudhibiti kulekule kumehamia ndani. Daniel Wegner mwaka 1987 aliwaambia watu wakae dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa zaidi ya mara moja kila dakika, na baadaye walipoambiwa sasa mfikirieni wakamfikiria kuliko wale ambao hawakuwahi kukatazwa. Usingizi uko hivohivo, ukiuamrisha uje hauji, na aibu mbele za watu ukiiamrisha iondoke inakaa. Kwa hiyo mtu anayejiambia kwa ukali lazima niachie, lazima nitulie, amejipa kitu kipya cha kukidhibiti.

Watu wa zamani walijaribu kuikata hii fundo kwa namna moja maarufu. Epictetus alikuwa mtumwa Roma, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, baadaye akawa huru akafundisha falsafa mpaka kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa akahamia Nicopolis huko Ugiriki. Fundisho lake kubwa ni kwamba kuna yaliyo kwenye uwezo wetu, maamuzi yetu, tunachotaka, tunavyoyachukulia mambo, na kuna yasiyo kwenye uwezo wetu, mwili, mali, sifa, vyeo, na anayechanganya hayo mawili atalia. Kwa mtu aliyewahi kumilikiwa na mtu mwingine hayo hayakuwa maneno matupu, naheshimu sana kwamba yalitoka mdomoni mwake. Lakini leo yanatumika vibaya, watu wanachora mstari, hiki kipo chini yangu hiki hakipo, wanadhani kazi imeisha, afu wanashangaa mbona bado wanahangaika. Wanahangaika kwa sababu karibu kila kitu wanachokijali kipo katikati. Afya yangu iko chini yangu? Kiasi. Ndoa? Kiasi, tupo wawili. Mtoto kufaulu, biashara kusimama, mzazi kupona, yote ni kiasi. Huwezi kuyaweka upande wa hayanihusu, na ukiyaweka upande wa yananitegemea mimi utaumia.

Wastoa, yani wanafalsafa wa mkondo wa huyo Epictetus, wenyewe waliliona hilo tatizo na jibu lao naliona bado ni bora kuliko mengi yaliyokuja baadaye. Walitoa mfano wa mpiga mshale. Anayetaka kulenga vizuri anajifunza, anashika upinde sawasawa, anavuta, anatulia, anaachia. Mshale ukishatoka upepo unaweza kuusukuma au shabaha ikasogea. Lengo lake la kweli liwe kufanya yote yanayompasa mpiga mshale, kugonga ni jambo la kutamani ila sio la kudai. Ukiangalia hapo hajaacha kulenga. Hajasema liwalo na liwe akarusha macho yamefumbwa. Kuna hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inayokwenda upande huohuo, mtu alimuuliza Mtume amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu au amwache huru na amtegemee Mungu, akajibiwa mfunge kisha tegemea. Kamba ni kazi yako. Kinachoachiwa ni kukesha umemshika ngamia mwenyewe usiku kucha.

Na kuna sababu ya kawaida kabisa kwa nini matokeo ya mbali hayadaiki. Mwaka 1961 mtafiti Edward Lorenz pale chuo cha MIT, Marekani, alirudia hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, tofauti ndogo hata haistahili jina, na baada ya muda hali ya hewa iliyotoka haikufanana kabisa na ya mwanzo. Ndo maana mpaka leo pamoja na satelaiti zote utabiri wa siku kwa siku unaishia kwenye wiki mbili hivi. Maisha ya mtu yana vitu vingi kuliko zile hesabu, kwa hiyo plani ya miaka kumi ni nzuri kama mwelekeo, ila kama mkataba na dunia, dunia haijasaini.

Kuna udhibiti mwingine ambao hausemwi sana, wa kurudi nyuma. Mtu amefiwa, au ametapeliwa, au mimba imeharibika, na kila siku anarudi palepale, ningemwahisha hospitali jana yake, ningeangalia zile karatasi vizuri, nisingebeba ile ndoo. Baruch Fischhoff alionesha mwaka 1975 kwamba ukishajua jambo liliishaje unaliona lilikuwa linatabirika kuliko lilivyokuwa kweli, na hata hujui kwamba kujua kumekubadilisha. Dalili ambazo leo zinaonekana zimeandikwa kwa wino mwekundu siku ile zilikuwa kikohozi kama vikohozi vingine. Na nadhani kuna jambo zito zaidi chini yake, kwamba hatia ina faraja yake ya ajabu. Kama nilikosea mimi basi dunia ina utaratibu, na nikiwa makini zaidi haitatokea tena. Kukubali kwamba hapakuwa na kosa, kwamba nilimpenda na nikafanya nilichojua na bado akaondoka, kunamuacha mtu uchi kabisa, ndo maana wengi wanachagua hatia miaka na miaka. Mtu wa namna hii usimharakishe. Ukimwambia haikuwa kosa lako mara moja haingii, maana unamtaka aache kitu cha mwisho alichobaki amekishika.

Kudhibiti watu wengine nako kuna ugumu wa namna yake. Mzazi anayefuatilia kila hatua ya kijana wa miaka 20, mume anayetaka kujua mke yuko wapi kila saa, bosi anayerudia kazi za watu wake usiku. Wengi wao wanapenda kwelikweli. Ila angalia kinachotokea, anayefuatiliwa anajifunza kuficha, anatoa majibu mafupi, anasema yale yanayotuliza. Kwa hiyo anayefuatilia anapata habari chache na zisizo za kweli, anahisi kuna kitu kimefichwa, na safari hii ni kweli kimefichwa, anaongeza ufuatiliaji. Alikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kujua maisha ya yule mtu, nayo ni yule mtu kutaka kumwambia, na ndo aliyoiharibu. Mi naamini watu wengi wangepunguza kushika wengine kama wangeliona hili, kwamba hawanunui usalama, wanauza habari. Na niseme wazi, kuna kufuatilia na kutisha ambako sio wasiwasi tena ni unyanyasaji, mtu anayekunyima simu, hela na ndugu zako hatakiwi kueleweshwa kwa makala, hapo unatafuta msaada na usalama wako.

Woga mkubwa wa watu ni kwamba nikiachia nitakuwa mvivu, nitakata tamaa. Ni woga wenye msingi. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionesha kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzikwepa baadaye walikaa tu hata njia ya kutoka ilipokuwepo. Waliita kukata tamaa kwa kujifunza. Lakini 2016 haohao wawili walirudi wakasema kwa kazi iliyofanyika kwenye ubongo waliielewa kinyume: kuzubaa ndo hali ya asili ya mnyama akiteswa muda mrefu, kinachofunzwa ni kwamba ninachofanya kina matokeo. Mi nachukua hapo kwamba kukata tamaa hakutibiwi kwa kushika kila kitu, kunatibiwa kwa kushika kitu kidogo ambacho kweli kinajibu. Kwahiyo anayeachia matokeo anahitaji kubaki na kazi ya mikono yake, na akikuta ameachia mpaka haogi wala hatoki kitandani, hapo hajaachia, ameumwa, na aonane na mtaalamu.

Inafanyikaje sasa? Wanaotibu kwa njia ya Dugas, yule wa Kanada niliyemtaja, hawaanzi na makubwa. Wanachagua jambo dogo ambalo mtu huwa analishika, kutuma barua pepe bila kuisoma mara ya pili, kumwachia mwenzake apange safari, kutouliza mtoto kama amefika kwa saa mbili. Kabla hajaacha anaandika anachohofia kitatokea, kwa maneno kamili, sio "itakuwa mbaya". Kisha anaacha, tumbo linakaza, halishughulikii, anaendelea na shughuli zake nalo likiwa limekaza. Baadaye anaandika kilichotokea kweli. Mara nyingi hakitokei kitu, ila saa nyingine kinatokea, barua inaenda na kosa, safari inaharibika, na hapo kuna swali la tatu la kuandika ambalo mi naliona lina thamani kuliko yote mawili ya mwanzo: kilipotokea ulifanya nini, na je ulimudu?